Kocha Bado: Miaka Ishirini na Tisa Juu ya Mstari wa Kuanzia

Tarehe thelathini mwezi huu, kocha mkuu wa kituo chetu cha glaida atakabidhi funguo za hanga, banda la ndege, na kwenda nyumbani, baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa. Mkurugenzi ameniomba mimi, mkuu wa karakana, niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe, akanisisitiza niweke maneno matamu. Nimemjibu kwamba nitaandika ninayoyajua, na utamu kila mtu atajitilia mwenyewe kwenye chai.

Kwa wenzetu wa ofisini, ambao glaida wanaijua kwa picha ya kalenda, nianze mwanzo. Glaida ni ndege isiyo na injini. Huvutwa kwa kamba na ndege nyingine, ikifika juu inaachiwa, na kuanzia hapo rubani hutafuta hewa moto inayopanda kutoka ardhini. Akiipata, huzunguka ndani yake mpaka ainuke, kisha huteleza mbele kutafuta nyingine. Hewa hiyo haionekani kwa macho, na huko ndiko kuhangaika kwenyewe.

Siku ya mashindano, redio hutangaza kwamba mstari wa kuanzia umefunguliwa. Kila rubani huuvuka pale anapotaka, na saa yake huanza kuhesabu hapo. Anayemaliza mzunguko wa njia iliyopangwa kwa muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi wa siku. Sasa basi, ukitangulia, wenzako wanaona mahali ulipopata hewa, wanakuja moja kwa moja bila jasho, na wakikufikia tu wamekwisha kushinda, maana walianza nyuma yako. Ukichelewa mno, jua linapoa, hewa inakufa, nawe unatua kwenye shamba la watu.

Kwa hiyo watu wazima, wenye leseni na familia, huzunguka juu ya mstari saa nzima wakiviziana nani ataondoka kwanza. Mimi hukaa chini na redio nikiwatazama, na nakiri sijawahi kuona mchezo wa kijinga unaochezwa kwa uzito kama ule. Na bingwa wa ujinga huo, jamani, ni mstaafu wetu.

Kila alipoulizwa redioni kama anaondoka, jibu lake lilikuwa moja: “Bado.” Ndiyo maana hata watoto wa mlinzi humwita Kocha Bado. Asubuhi ya mashindano hakugusa maji, wala chai, wala supu, ili kibofu kisije kikamharakisha huko juu. Aliamini, na akawafundisha wanafunzi wake bila hata kuona haya, kwamba marubani wengi huvuka mstari kwa sababu ya haja ndogo, siyo kwa sababu ya hali ya hewa. Huo ndio ushujaa tuliokuwa tukiupigia makofi: nani ana kibofu kigumu.

Kungoja peke yake hakukumtosha. Alikuwa na chenga. Alivuka mstari kwa mbwembwe, pua mbele, mwendo wa mtu anayewahi mgonjwa hospitali. Wenzake wakidanganyika na kumfuata, yeye anakula kona nyuma ya wingu, anarudi kimyakimya na kuvuka upya nyuma yao. Sheria inaruhusu, kwa kuwa mvuko wa mwisho ndio unaohesabiwa. Jioni aliwasimulia waliodanganyika jinsi alivyowadanganya, na akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Tuzo anazo, nisimnyime haki yake. Rafu ya koridoni imejaa vikombe vyake vya nafasi ya pili na ya tatu. Cha kwanza hakuna. Daima alikuwepo mtu mmoja aliyechoka na upuuzi huo, akaondoka hewa ikiwa nzuri kabisa, akaenda zake peke yake na kushinda. Kocha alikuwa akimwita mtu huyo mwenye bahati. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, ametumia likizo zake nyingi kuvuta trela kwenda kumwokota mashambani. Safari moja alimkuta amekalishwa kwenye kigoda katikati ya vitunguu, mwenye shamba amesimama mbele yake na jembe. Mama wa watu akaomba radhi kwa niaba ya mumewe, wakafungua mabawa, wakapakia, wakarudi nyumbani.

Hata hivyo sina ubaya naye. Amefundisha marubani wengi kutua salama na hajazika hata mmoja, na kwa hilo nitamvulia kofia popote pale. Aliyefundishwa naye vizuri kuliko wote ni binti yake wa pekee. Mtoto huyo alikulia karakanani kwangu akinipokeza spana, na mpaka leo huniita shangazi. Baba alimpa kila alichokuwa nacho, chenga zikiwemo.

Mwaka huu mashindano makuu yalikuwa ya mwisho kwake. Akistaafu anairudisha glaida ya kituo, na yake mwenyewe hana. Ilipofika siku ya kufunga, baba alikuwa anaongoza, binti wa pili, wamepishana pointi kiduchu kwa jumla ya siku zote. Asubuhi ile Kocha alikuja karakanani akachukua kitambaa mikononi mwangu, akayafuta mabawa mwenyewe. Akaniambia, “Mama, nikikikosa leo, ndiyo basi tena.” Siku hiyo sikumtania. Nilimwombea kikombe kile kwa moyo wangu wote.

Mstari ukafunguliwa. Hewa ilikuwa safi, mawingu meupe yamejipanga njia nzima. Wote wakaanza kuzunguka kama kawaida yao, isipokuwa binti. Huyo aliuvuka pale pale na kunyoosha njia. Nikambonyezea Kocha redio, nikamwambia mwanao ameondoka. Akacheka. “Anatupiga chenga huyo. Atarudi. Nimemfundisha mimi.”

Wengine, mmoja mmoja, wakaamua kumfuata. Nikamwambia tena, Kocha, watu wanakwisha huko juu, ondoka. Akasema binti amejificha nyuma ya wingu fulani, anangoja baba yake avuke ndipo arudi aanze nyuma yake. Akalichunga wingu lile mpaka likayeyuka, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Akahamia wingu jingine. Loo! Nilitamani kupanda juu nikamburute kwa kamba. Mtu mzima na akili zake, anachunga mawingu!

Kisha utando wa wingu la juu ukasambaa upande wetu, jua likafifia, ardhi ikapoa. Akazunguka akishuka, akazunguka akishuka, hadi akatua kwenye uwanja wetu wenyewe bila kuugusa mstari. Akaomba avutwe tena. Rubani wa ndege ya kuvuta alimwonyesha anga tu kwa kidole. Kocha akaisukuma glaida hadi ukingoni, akaanza kuivika turubai.

Alikuwa anafunga kamba za turubai binti alipotokea kwa mbali, juu na peke yake, akapita mwisho wa mzunguko na kutua. Sisi wa chini tulishajua ameshinda, maana waliomfuata hewa ilikuwa imewafia njiani. Yeye hakujua. Alichokiona ni glaida ya baba yake imeegeshwa, imeshafunikwa, na mwenyewe amesimama kando. Akashuka mbio, akamrukia shingoni huku analia na kucheka, akimpongeza. “Baba, ulinipita saa ngapi? Njia nzima nilikuwa nageuka nyuma kukuangalia!”

Kocha akamwambia hakuanza. Binti akacheka zaidi, akamsukuma kifuani kwa kidole, akamwambia aache hizo, ataje muda wake. Akarudia kwamba hakuanza. Binti akatugeukia sisi ili tumtobolee siri ya baba yake, na tulipoinamisha macho ndipo akaelewa. Nimekasirishwa na mzee huyu miaka yote hiyo, lakini dakika ile sikuweza kumtazama.

Kocha, uongozi na wafanyakazi wote wanakushukuru kwa jasho lako, kwa wanafunzi wako na kwa mwanao. Binti huyo anakwenda kuliwakilisha taifa mwezi ujao, na amekuomba uwe naye kule, ukae chini na redio kwa ajili yake. Mama yake ananiambia mpaka leo hujamjibu, eti unatafakari kama alikuwa anakutania. Hakutanii, mzee. Tunakutakia afya njema na siku nyingi za furaha pamoja na familia yako. Sasa inuka ukamjibu mtoto.