Yangeyange wa Mzee Iwasa Kenkichi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mke wa Haruo, familia imenituma niwasomee maisha ya baba mkwe wangu, Mzee Iwasa Kenkichi, mniwie radhi, sauti yangu ni ndogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1934 hapa Kyoto, akasoma shule ya mtaani hadi Machi 1949, na mwezi uliofuata akaingia karakana ya Bwana Nomoto kujifunza kuchapa picha kwa vibao vya mbao. Mwaka huo huo aliona kibao cha yangeyange hakina rangi, akadhani kimesahauliwa, akakipaka nyeupe na kuharibu karatasi ishirini, kumbe manyoya ya ndege huyo hayapakwi kitu, karatasi mbichi hukandamizwa kwa kiwiko juu ya kibao mpaka yainuke yenyewe. Bwana Nomoto alimwambia, "Nenda mtoni ukamtazame, ukimkuta amepakwa chokaa uniite," naye akaenda, na hakuacha kwenda maisha yake yote.

Tarehe 3 Novemba 1961 alimwoa Mama yetu Mitsue, binti wa wauza tambi, wakajaliwa Haruo na Sachiko, ambao walijua majina ya ndege kabla ya majina ya shangazi zao.

Tarehe 12 Januari 1998, picha arobaini za yangeyange zikiwa zimebakiza manyoya tu, alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, na karatasi zikishaloweshwa hazingoji, huota ukungu. Daktari alimtaka alale, yeye akawa analilia ndege wake. Siku ya pili akasema, "Mama Haruo, umekanda tambi miaka thelathini na sita, niazime kiwiko." Mama akamjibu, "Leo ndiyo umekiona? Sogea huko!" Akakandamiza, naye akimwelekeza kutoka kitandani alipolala, "Polepole, hiyo si tambi, ni shingo." Mbili zilitoboka, thelathini na nane zikatoka salama, na marehemu akamwambia kila mgeni kwamba manyoya yale ni ya mkewe.

Alifariki nyumbani tarehe 21 Februari 1998, saa nne asubuhi.

Tunamshukuru daktari wetu, majirani walioleta supu kila siku, na wachapaji wenzake. Picha moja iko hapa mbele, mkiitazama moja kwa moja mtaona karatasi nyeupe tu, isogeleeni kutoka ubavuni, mtamwona ndege.

Baba, pumzika, karatasi zote zimekauka.