Aliyeandika Tarehe Nyuma ya Kila Picha

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kusimama nasi, mimi ni dada wa marehemu, niliyemfuata kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Wazee wetu wamenisihi nisome kwa utulivu. Nitajitahidi, ila siahidi.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi viatu na mkunga wa zahanati, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na ghala la nafaka, na mama alipenda kusimulia kwamba mwanawe huyu alijifunza kutambaa kwa kuwafuata shomoro waliokuwa wakidonoa punje mlangoni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, sekondari kuanzia 1976 hadi 1979, kisha chuo cha ufundi wa maabara, alikohitimu Novemba 1982 kwa alama nzuri, ingawa mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti yake kwamba anatazama sana dirishani, maneno ambayo baba aliwasomea wageni kwa miaka mingi, kila walipokuja kutusalimia.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa na idara ya majitaka kuwa mpima maji, katika maabara ya chumba kimoja yenye sinki mbili, meza ya vigae vyeupe na dirisha lililotazama bwawa namba nne. Wengi wenu mnapita pale mmeziba pua, lakini majitaka yakishatulia kwenye mabwawa huwa na wadudu tele, na penye wadudu ndege hawabanduki, kwa hiyo kaka alijikuta kila siku anafanya kazi mbele ya yangeyange, midiria, minandi na ndege wengine ambao sisi wa mjini hatukujua hata kama wana majina.

Tarehe 20 Juni 1987 alifunga ndoa na wifi yangu, mshonaji wa sare za shule, ambaye hadi leo hulalamika kwamba alichumbiwa na kijana mwenye harufu ya sabuni ya dawa, na ile harufu nyingine akafichwa mpaka alipokwisha kuwa mke wa mtu. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti aliyezaliwa 1988 ambaye ni muuguzi, binti wa pili aliyezaliwa 1991 ambaye ni mwalimu, na mwana aliyezaliwa 1996 ambaye ni fundi umeme.

Mwezi Novemba 1994, mwenye studio ya picha jirani na kibanda cha baba aliamua kufunga kazi, akampa kaka kamera kuukuu iliyofungwa kwa utepe mweusi, na tangu hapo hadi alipoondolewa kazini, kila alfajiri kabla ya kuvaa koti la maabara, marehemu alisimama kwenye ukingo wa mabwawa akiwapiga picha ndege, na nyuma ya kila picha akaandika kwa penseli tarehe, saa na namba ya bwawa. Nilipomuuliza ya nini yote hayo, alinijibu, "Picha isiyo na tarehe ni pambo tu."

Tulimcheka. Watu wa mtaani walimwita Bwana Ndege, nasi wa nyumbani tukalichukua jina hilo, na mimi ninayesoma hapa nilimwambia mbele ya wakwe zake kwamba ni aibu mtu mzima, ana mvi, kushinda akifukuza ndege. Hakukasirika, alinitazama tu akasema, "Sifukuzi, dada. Nasimama kimya mpaka wanisahau." Nilipaswa kumwomba radhi siku ileile, sikumwomba, na leo namwomba mbele yenu.

Idara haikumcheka, idara ilimtumia, kwa miaka tisa mfululizo picha zake zilipamba kalenda ya idara, zikatundikwa katika ofisi zote na kwenye vyumba vya mikutano, na hakuna hata kalenda moja iliyokuwa na jina lake. Yeye hakudai kitu, alituletea nakala moja kila nyumba, akiwa na furaha kama mtu aliyetoka safari na zawadi.

Mwezi Julai 2017 ndege wa bwawa namba nne walianza kufa. Kiwanda cha rangi kilichopakana na mabwawa kilikuwa kimeanza kumwaga maji yake humo, kaka aliyapima, akaandika alichokiona, mkuu wa idara akasema mashine ya kupimia imeharibika, akapima tena kwa mashine ya pili, ikasemwa na hiyo pia ni mbovu. Ndipo akageukia kamera, na kwa muda wa wiki saba akapiga picha za ndege waliolala kifudifudi majini, siku kwa siku, kisha tarehe 18 Septemba akapeleka nakala za picha hizo kwa mkuu wa idara pamoja na ramani ya visima vya mtaa wa chini, kwa sababu maji ya bwawa lile hupenya ardhini na kuelekea huko, na huko kuna watoto. Mkuu wa idara alizifunua mbili tatu, akamwambia, "Ndege hawaleti malalamiko ofisini kwangu."

Tarehe 2 Oktoba 2017 alisimamishwa kazi kwa kosa la kuingiza kamera kazini bila kibali, yaani kamera ileile iliyowajazia kalenda kwa miaka tisa, na mwezi Desemba akapewa barua ya kustaafishwa. Asubuhi hii nimekabidhiwa karatasi na wajumbe wa idara, nimeombwa niisome hapa, inasema kwamba marehemu aliomba kupumzika kwa hiari yake. Siisomi. Barua ya kumwondoa ninayo hapa, na atakayetaka kuiona anione.

Visima vya mtaa wa chini vilifungwa Machi 2020, baada ya watoto wengi kuugua matumbo na ngozi na wakaguzi kutoka nje kuja kupima, na ripoti iliyotolewa ilikuwa na picha kumi na tisa za kaka, chini ya kila moja imeandikwa kuwa ni mali ya idara. Aliisoma kitandani, akachukua kalamu kwanza akasahihisha pale walipomwita mnandi kuwa ni bata, kisha akafika kwenye tarehe, na hapo nikamwona kaka yangu akikasirika kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ripoti ilisema ndege walikufa mwaka 2019. Aliniambia, "Picha wachukue. Lakini wameficha miaka miwili ambayo watu wale walikuwa wanakunywa maji hayo, na wao wanajua." Aliandika barua nne, hakujibiwa hata moja. Picha zenyewe tumezipanga kwenye meza pale mlangoni, tafadhali mzigeuze msome nyuma.

Kuhusu ugonjwa, kaka aligundulika kuwa na maradhi ya figo mwezi Februari 2016, akawa anatibiwa vizuri kwa kadi ya bima ya kazini, lakini wiki aliyosimamishwa kadi ilizimwa, akarudishwa kutoka dirisha la hospitali na dawa zake hakupewa. Wifi alishona usiku na mchana, watoto wakajinyima, na tangu 2021, alipohitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, tuliweza mara mbili. Tarehe 17 Mei 2024, saa nne asubuhi, alifariki mikononi mwa binti yake muuguzi, akiwa na umri wa miaka sitini na moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania zaidi ya wajibu wao, majirani waliompeleka hospitali kwa zamu bila kuitwa, na akina mama wa mtaa wa chini, ambao wamekuja leo na watoto wao. Kwa wenzake wa kazini, namshukuru msafishaji wa maabara na mlinzi wa geti la nyuma, wawili tu, ambao hawakuacha kuja kumjulia hali. Wengine mlijua tulipoishi. Katika ratiba, baada yangu alikuwa azungumze mkuu wa idara, ambaye ameketi mstari wa pili, na familia imekaa asubuhi ikakubaliana kwamba hatazungumza. Katika nafasi yake atazungumza mama mmoja wa visimani.

Kaka yangu, umesimama vya kutosha. Lala salama, hasira utuachie sisi.