Wakili Arnold Oundo na Swali Alilomuuliza Mkewe

Wachungaji, wazee wetu, mawakili mliofika, majirani na ndugu kutoka pande zote mbili za mpaka, familia imemtuma Patience, dada yake marehemu, awasomee maisha ya kaka yake kama mwenyewe alivyoagiza, yaani bila kupakwa mafuta.

Marehemu Arnold Oundo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Masaba, Wilaya ya Busia, mtoto wa tatu wa mzee Eriya Oundo na mama Specioza, wakulima wa muhogo na mtama. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akaendelea na sekondari Tororo hadi 1991, kisha akasomea sheria Kampala, akaapishwa kuwa wakili mwaka 1998, akafungua ofisi Busia, hatua chache kutoka geti la mpaka, na nyingine Tororo mwaka 2005.

Wenzake waligombea kesi za mashamba na za malori yaliyokamatwa, yeye akachagua kuwatetea watu walioitwa mbele ya bodi za taaluma zao, wauguzi, walimu, wapima ardhi, watu ambao hawakuogopa jela bali kufutwa kwenye daftari la usajili, na alizoea kusema kwamba aliyefungwa ana siku ya kutoka, lakini aliyefutwa hajui arudi wapi.

Tarehe 15 Desemba 2001 alifunga ndoa huko Kirewa na Mwalimu Teopista, wakajaliwa watoto wawili, Tracy mwaka 2003 na Eriku mwaka 2006. Hapa ndipo marehemu alipotaka tusiruke kitu. Kabla ya yeye kufika Kirewa, Teopista alikuwa ameposwa na Paddy Odoi, mpima ardhi, kijana wa kwao, mrefu, mwenye sauti nzito ya kwaya, ambaye alikwenda masomoni ng'ambo akachelewa kurudi, na uchumba ukavunjika kwa amani. Amani hiyo haikumfikia marehemu. Akimwona Odoi sokoni Tororo alibadilisha njia, jina lake likitajwa mezani aliacha chakula, na kwa miaka kumi na miwili alimhesabia mke wake kila kicheko kilichotokea Odoi akiwa karibu.

Jumatatu ya tarehe 3 Februari 2014, Odoi aliingia katika ofisi ya Tororo na barua ya bodi mkononi. Alishtakiwa kwamba aligonga muhuri kwenye ramani ya shamba moja la Masaba bila kukanyaga shamba lenyewe, na jirani wa shamba hilo akadai kwamba ramani ilimpotezea kipande cha ardhi.

"Wakili, najua hunipendi," alisema, "lakini kazi hii ni wewe unaijua."

Marehemu alikubali, na sababu yake aliisema baadaye bila kuona haya, kwamba kumkataa kungekuwa sawa na kumwambia Odoi anamwonea wivu, na tena kwamba moyoni alitamani awepo siku mtu huyo atakaponyang'anywa muhuri.

Alimuuliza kama ana daftari la vipimo, Odoi akasema lililoa mvua likaharibika. Akamuuliza kama kuna mtu aliyemwona shambani siku hiyo, tarehe 19 Juni 2012. Odoi aliiweka barua mezani, akajibu.

"Mwalimu Teopista. Shamba linapakana na shule yao. Niliomba ruhusa kusimamisha chombo changu cha kupimia uwanjani, yeye ndiye alikuwa zamu, nikasaini kitabu cha wageni. Aliniletea maji ya kunywa."

Jioni hiyo marehemu alimuuliza mke wake, naye akajibu kwamba ni kweli, na kitabu bado kiko kabatini shuleni. Hakumuuliza zaidi. Kwa siku tisa alilala akiwa amegeukia ukuta, akaandika orodha ya mashahidi isiyo na jina la mkewe, akamwonyesha dada yake, Patience huyu anayewasomea, akitaka asifiwe.

"Wewe ni wakili wake au mgomvi wake?" Patience alimuuliza.

"Nikimwita mke wangu, watu wote watajua."

"Watajua nini? Kwamba mtu alikunywa maji?"

Orodha ile aliichana. Ya pili ilikuwa na jina la Teopista, na chini yake aliiandikia bodi kwamba shahidi huyo ni mke wake wa ndoa, bodi ikaruhusu.

Tarehe 11 Machi 2014, huko Kampala, alisimama kumhoji mkewe, akamwita "shahidi" kama sheria inavyotaka. Teopista alifungua kitabu cha wageni, akaonyesha tarehe, saa na saini, akaeleza mahali chombo kiliposimama na muda ambao Odoi alikaa. Kesi ilikuwa imekwisha, na kila aliyekuwa ukumbini alilijua hilo, marehemu pia. Lakini hakukaa.

"Shahidi, siku hiyo mlizungumza nini?"

Mwenyekiti wa bodi alivua miwani. "Wakili, swali hilo lina uhusiano gani na ramani?"

Teopista ndiye aliyejibu, akimtazama yeye na si mwenyekiti.

"Aliniuliza kama nina furaha nilikoolewa. Nikamwambia ninayo, ila sitamwambia mume wangu kwamba ameniuliza, maana hatalala."

Ukumbi ulicheka. Mwenyekiti alimwambia karani aandike tu habari ya kitabu.

Walianza safari ya kurudi nyumbani, wakafika Jinja. Hapo marehemu alisema, "Nimekuaibisha."

"Umeniaibisha," mkewe alisema. "Ila yule umemtetea vizuri."

Mwezi wa nne bodi ilimwondolea Odoi mashtaka yote. Alileta jogoo wa shukrani, marehemu akampokelea getini, akamshukuru, wala hakumkaribisha ndani. Hatutawadanganya kwamba wivu uliisha. Ulipungua, ukawa kitu ambacho mkewe aliweza kukitania.

Mwaka 2022 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anakwenda Mbale kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, huku akiendelea kusoma majalada kitandani, hadi alipofariki Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa tano asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Teopista. Ameacha mjane, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Masaba waliochimba kaburi na kupika, mawakili wenzake wa Busia na Tororo walioshika kesi zake zisianguke, na Mpima Ardhi Paddy Odoi, aliyetoa gari la kumleta nyumbani. Marehemu aliagiza kwamba Odoi aalikwe, ila asiketi karibu na mjane, na Odoi ametii.

Kaka, lala sasa kwa amani. Teopista yuko hapa mbele, na Odoi yuko kule nyuma kabisa.