Pembe Ambayo Antoine Chileshe Hakuwa Nayo

Yanayosomwa hapa ni maisha ya Antoine Chileshe kama yalivyokuwa. Nasema kama yalivyokuwa, kwa sababu tangu Jumatatu yamesimuliwa maisha mengine katika ua wetu, na mwenyewe hawezi tena kujibu. Nimeyaandika mimi, Dominique Mwape, kaka yake wa tumbo moja, mwalimu mwenye diploma ya shule ya ualimu. Nimeyapigisha chapa kwenye karatasi mliyo nayo mkononi ili mtu asije akasema kesho kwamba hakusikia vizuri.

Antoine alizaliwa tarehe 12 Machi 1919 katika kijiji kilicho karibu na mgodi wa Kipushi. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mama yetu, Madeleine Musonda, na baba yetu, Chanda, aliyepakia mawe ya shaba kwenye mabehewa. Baba alipofariki mwaka 1926, mama alituleta hapa Élisabethville kwa ndugu yake, Mjomba Kalaba, naye akatulea. Mjomba yupo, amekaa mstari wa mbele. Chakula alichotupa sitakisahau. Lakini chakula hicho hakitanizuia kusema nitakayosema.

Antoine alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1927, kisha shule ya ufundi, akahitimu umeme mwaka 1937. Wa darasa lake wanakumbuka habari ya chanuo. Ilikuwa wakati wa baridi kama huu, hewa kavu. Antoine alisugua chanuo kwenye blanketi ya sufu, akakisogeza juu ya vipande vya karatasi, vikaruka vikakishika. Watoto walikimbilia mlangoni wakipiga kelele, "Mulozi! Antoine iko mulozi!" Yeye hakukimbia wala hakulia. Alinyoosha mkono akasema, "Chanuo njo hii. Mujaribu benyewe." Aliyethubutu kuja alikuwa Chola, ambaye leo ni mtani wetu katika kilio hiki. Chola akasugua, karatasi zikaruka. Darasa zima likacheka: "Basi na weye mulozi!"

Naomba mkumbuke maneno hayo ya mtoto, mujaribu benyewe. Antoine hakuwa na maneno mengine maisha yake yote. Alichokijua alikiweka mezani, na kila mwenye mikono aliweza kukirudia. Anayeficha chombo chake gizani na kudai kwamba kinafanya kazi mkononi mwake tu, huyo si mwenzake Antoine.

Mwaka huohuo wa 1937 aliandikwa kazi katika kiwanda cha kuyeyushia shaba, upande wa umeme. Mwaka 1946 alihamishiwa maabara ya kiwanda, akawa anatunza mitambo ya kupimia. Hakuwahi kukosa kazi kwa ulevi. Hakuwahi kusema uongo juu ya kipimo, hata alipobembelezwa.

Tarehe 16 Septemba 1944 alifunga ndoa kanisani na Léonie Kapinga, binti wa seremala aliyetoka Luluabourg. Palikuwa na manung'uniko kwamba mwanamke wa Kasai ataharibu ukoo. Palikuwa na manung'uniko, na sasa karibu miaka kumi na mitatu imepita, na ninauliza: ameharibu nini? Aliosha nguo zilizojaa masizi ya kiwanda, akawafundisha watoto wao, Wivine na Zéphirin, kusoma kabla hawajaingia shule, akampikia Mjomba Kalaba kila alipokuja bila kutoa habari.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi walimjulia Antoine, nalo ndilo lililomletea balaa.

Mwaka 1951 Antoine alianza kuchora hadithi za picha katika gazeti moja la wafanyakazi. Shujaa wake aliitwa Kapita Cheche. Kapita huyu alikuwa msimamizi wa kawaida, mweusi kama sisi, aliyerushwa na umeme katika chumba cha transfoma. Badala ya kufa, mwili wake ukawa kama betri: ukashika umeme na kuuweka. Tangu siku hiyo aliweza kusimamisha behewa lililokatika breki kwa mkono mmoja, na kufungua mlango wa chuma kwa kuugusa.

Najua mwili wa mtu hauwezi hivyo. Antoine naye alijua. Ilikuwa hadithi. Lakini hata hadithi ina adabu yake, na Antoine aliishika: alijipa ruhusa ya jambo moja lisilowezekana, mengine yote yakafuata sheria za umeme. Kapita Cheche alivaa buti za mpira. Akivuliwa buti, umeme wote ulishuka ardhini, akabaki mtu mdogo anayetetemeka. Akitumia nguvu asubuhi, jioni alikuwa hana. Kwa hiyo watoto wa mtaa wetu wa Katuba waliposoma michoro mezani kwake, kabla haijapelekwa gazetini, walijua kwa nini ameshinda na kwa nini ameshindwa. Walijifunza waya ni nini na udongo unafanya nini. Na walijifunza jambo kubwa zaidi: kwamba nguvu ile ilimpata mtu wa kazi, kazini kwake, bila kumla mtu.

Katika picha za mwanzo kabisa, kabla gazeti halijaenda mashineni, mhariri alifuta transfoma. Mahali pake akaamuru ichorwe pembe ya mganga, imejaa dawa, imefungwa shanga nyekundu, na mzee anamkabidhi Kapita Cheche porini. Antoine aliliona jambo hilo siku ileile sote tulipoliona, likiwa limekwisha kuchapishwa.

Nilimsindikiza kwa mhariri, na nilisikia kwa masikio yangu. Yule Mzungu alimwambia kwa Kiswahili chao, "Hapana kasirika, Antoine. Batu ya hapa iko napenda dawa. Transfoma, bo hapana jua."

Antoine akauliza, "Na ule wenu, Bwana? Ule wa ukurasa ya pili, anaruka juu ya manyumba. Pembe yake iko wapi?"

"Ule alikunywa maji ya labo. Ule iko hadithi ya Wazungu. Kule kuna labo."

"Na miye ninatumika kazi wapi, Bwana?"

Mhariri akainuka, akatuonyesha mlango.

Ndugu zangu, hasira yangu ya siku ile haijapoa. Gazeti moja, karatasi moja, wino mmoja. Mzungu akiruka, ni maabara. Mweusi akiruka, ni pembe. Wote wawili ni wa uongo, hakuna aliyewahi kuruka. Lakini hata katika uongo tulinyimwa akili! Tuliruhusiwa kuwa na nguvu, mradi tusijue imetoka wapi. Tena hadithi yenyewe iliharibika. Pembe haina sheria. Leo inafungua mlango, kesho inaleta mvua, keshokutwa inafufua wafu, na msomaji hawezi kuuliza kwa nini. Antoine alichora kwa muda akijaribu kurudisha buti za mpira, wakazifuta tena. Mwaka 1953 aliweka kalamu chini, na gazeti likampa mwingine kazi ile.

Na laiti ubaya ungebaki kwenye gazeti. Watu walianza kuja nyumbani. Mama mmoja alimwambia Léonie mlangoni, "Mama, tunaomba ile pembe. Hata kuigusa tu, mutoto yangu iko na homa."

"Pembe gani, mama?"

"Ile ya Kapita Cheche. Bwana yako hawezi kuchora kintu hajaona."

Léonie alimpa yule mama maji ya kunywa, akamsindikiza na mtoto wake hadi zahanati. Je, mtaa ulisema, Léonie ana huruma? Mtaa ulisema, Léonie anaficha.

Mwezi wa Septemba 1956 Antoine alianza kukohoa na kukonda. Mimi nilikuwa nafundisha Jadotville. Léonie alitaka apelekwe hospitali siku ileile alipotema damu. Wazee wa ukoo, Mjomba Kalaba akiwa mkubwa wao, wakakaa, wakasema: pembe inadai chake, aliyepewa nguvu bila kutoa mtu, pembe inamla mwenyewe, apelekwe kwa fundi wa dawa upande wa Kipushi, akiri mahali alipoificha. Léonie alipokataa, kukataa kwake kukawa ushahidi: kumbe anaogopa fundi! Wakamchukua mgonjwa. Alikaa huko akinyweshwa mizizi na kuulizwa swali lilelile. Aliyenisimulia ni Antoine mwenyewe. Aliniambia mimi mkubwa wake, "Yaya, ningekuwa nayo, ningewapa, nilale."

Léonie alinitumia habari kwa abiria wa treni, nikaja Februari, nikamchukua ndugu yangu na kumpeleka hospitali. Daktari aliinua picha ya mapafu kwenye mwanga wa dirisha, nikaona mwenyewe jinsi yalivyolika. Ni kifua kikuu. Daktari alisema zipo sindano, zimeponya wengi, lakini angeletwa Septemba. Nilirudia neno hilo barabarani hadi nyumbani: Septemba. Sindano zilijaribu, mwili haukuwa na pa kuanzia. Antoine alipokea sakramenti zote, akafariki Jumatatu, tarehe 3 Juni 1957, asubuhi, Léonie akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane.

Simshitaki Mjomba kwamba alimchukia. Alimpenda. Alimbeba mgongoni kutoka kwenye lori hadi kwa fundi, mzee wa miaka yake, na hakuomba msaada. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: upendo mkubwa namna ile ulipelekwa na picha ya gazeti mahali pa kumuua mtoto. Mzungu aliichora pembe kwa sababu alituona wajinga. Sisi tukaiamini. Tukathibitisha alichosema!

Jana mchana, mbele ya wanawake wote, Mjomba alimsimamia kichwani Léonie, aliyekaa chini ukutani bila kitambaa kichwani, kama desturi inavyomtaka mjane. Akasema, "Kapinga, toa pembe. Bila pembe, weye haufunguliwe mu kilio."

Léonie akainua uso. "Tata, ile pembe alichora muzungu. Muende mumuombe yeye."

Hakuna aliyecheka ila Chola, aliyekuwa amejilaza kwenye kizingiti kuwazuia watu wasipite, kama watani wafanyavyo. Alipiga makofi, akaligeukia jeneza lililokuwa likiingizwa. "Eh, Antoine! We ulisimamisha wagoni na mukono moja, leo bantu sita banakubeba sawa kabati! Munaona? Bamesahau kumuvalisha buti! Courant yote imeshuka mu udongo!"

Mimi si mtu wa mzaha, na mzaha mbele ya maiti sikuwahi kuupenda, ingawa najua ni haki ya mtani. Lakini jana nilimshukuru Mungu kwa Chola. Katika ua uliojaa wazee, ni yeye aliyeikumbuka hadithi kama Antoine alivyoitunga. Mtani anacheza, na sote tunajua anacheza. Waliodai pembe hawakuwa wanacheza.

Mnajua desturi yetu. Mjane hatoki kwenye kilio, haonyeshi uso barabarani, haendi sokoni, hakabidhiwi watoto wake, mpaka ukoo wa mume umfunge ushanga mweupe kwenye kifundo cha mkono kusema: huyu hana kosa, mwacheni. Wazee wameuzuia ushanga wa Léonie hadi pembe ipatikane. Maana yake wameuzuia milele, kwa sababu kisichokuwapo hakipatikani. Na nyumba, na Wivine, na Zéphirin, vimekwisha kugawanywa kwa maneno, nikiwa nasikia.

Desturi hiyohiyo inasema kwamba ushanga hufungwa na mkubwa wa tumbo la marehemu. Mama yetu alizaa wawili. Mmoja yumo katika jeneza hili. Mkubwa ni mimi. Sikuja kuvunja desturi, nimekuja kuitimiza, na atakayenipinga anipinge hapa, mbele ya padri na mbele ya kaburi, si nyuma ya nyumba.

Marehemu Antoine Chileshe ameacha mjane, Léonie Kapinga, mke wake wa ndoa, asiye na kosa. Watoto wawili, Wivine na Zéphirin, watakaokaa na mama yao. Mama yake mzazi, Madeleine Musonda. Mjomba wake, Kalaba. Na mimi kaka yake. Kapita Cheche simwandiki, alikuwa wa karatasi. Pembe siiandiki, haikuwa hata ya karatasi yake.

Ushanga ninao mfukoni. Ni mweupe, unaonekana, kila mtu anaweza kuushika na kuupima. Nikimaliza mstari huu nitamwomba Léonie asimame, anyooshe mkono, nami nitaufunga. Kisha tutamteremsha ndugu yetu.

Antoine, pumzika kwa amani. Hatutakuuliza tena.