Kiti cha Waziri Ambaye Hajatajwa

Basi huyu Lakica, sekretari wa waziri anayeondoka, alikuwa kwenye simu tangu taksi, basi dogo la abiria la Kampala, itoke Kyebando. "Mchungaji, wewe njoo saa tatu ukiombee kiti. Sheikh atakuja saa nne." Alipokata simu, dada wa hijabu ya kijani aliyekaa pembeni yake alikuwa anacheka waziwazi.

"Kiti kimoja, dua mbili?"

"Waziri mpya hajatajwa, nyabo, nitajuaje anasali wapi? Mara ile nilileta mchungaji, akaingia hajji, akateleza kwenye mafuta ya upako. Nikapelekwa stoo, miaka miwili na panya. Safari hii stoo sirudi."

"Basi sheikh atangulie," alisema yule dada, Sabah kwa jina. Baba yake ni sheikh, kwa hiyo hakuwa refa wa kuaminika.

"Sheikh akifukiza ubani, mlokole akiingia atasema kiti kimelogwa."

"Si ufungue madirisha?"

"Madirisha ya serikali hayo. Hayafunguki."

Taksi nzima ikacheka, na hapohapo redio ikaanza kusoma majina ya mawaziri. Wote wakatega masikio. Wizara ya Lakica ikatajwa, ikafuata "Mheshimiwa", na dereva, kwa kuwa amefika kituo cha Wandegeya, akazima injini. Redio nayo ikazimika.

Kondakta alifungua mlango. Hakuna aliyeshuka. Lakica alimgusa dereva begani.

"Ssebo, gari liache lipumzike. Washa redio tu."