Sauti ya Mke Wangu Kinywani mwa Mwanangu

Wanachama wenzangu wa ushirika wa pamba, mimi si mtu wa kushtushwa. Nimeshuka mashimo ya dhahabu kule Geita wakati wengine wenu mnaogopa hata kisima. Shule niliishia darasa la pili, lakini plau ninazo mbili, na nyumba yangu ndiyo ya kwanza kuezekwa bati hapa kwetu. Nani anabisha? Basi sikilizeni kilichonitoa mbio kwenye nyumba hiyo.

Mwanangu mnamjua. Miaka saba hakutamka neno. Hakutazami usoni, ukimbeba anakakamaa kama kuni. Kutwa alikaa karibu na mama yake anaposaga mtama, kiganja juu ya jiwe la kusagia, kimya.

"Mtoto huyu hamjui wala hampendi yeyote kati yetu," nilimwambia mke wangu.

Akacheka. "Wewe ndiye humjui. Sisi tunaongea."

Mke wangu akafa kwa homa. Mtoto hakulia.

Mvua ya kwanza baada ya msiba ilinikuta uani. Nikasikia nyuma yangu, "Ingia ndani, utalowa." Sauti ya mke wangu! Ile ile, na mkwaruzo wake. Kugeuka, yuko mtoto peke yake mlangoni. Ndugu zangu, nilifika kwa jirani bila viatu.

"Mzee wa mashimo! Leo unakimbizwa na nani?" akanidhihaki. Kesho yake akamsikia mwenyewe mtoto akiniambia kwa sauti ile ile, "Njoo ule, chakula kinapoa." Dhihaka ikaisha. Mfumu, yaani mganga tuliyemwendea, akapasua kuku, akachungulia ndani, akasema marehemu amemkalia mtoto, nihame. Nyumba nikamuuzia mnunuzi wa ngozi, mgeni asiyejali mizimu yetu, nikajenga ng'ambo ya mto.

Huko sauti ikakoma. Na mtoto akaacha kula. Kila asubuhi alivuka mto akakaa palipokuwa na jiwe la mama yake. Nikimbeba kumrudisha, mkononi naona amepungua tena. Mfumu akasema nimwache, ni wa wafu huyo. Nilikaribia kumwacha.

Ndipo akaja mdogo wa marehemu. Nikamsimulia yote; akashinda pale penye jiwe na mtoto akimsikiliza, kisha akanijia.

"Shemeji, siku ile mvua ilikuwa inamnyeshea nani?"

"Mimi."

"Na chakula, nani alikuwa hajala?"

"Mimi tena."

"Maneno yake mwenyewe hana. Anatumia ya dada. Alikuwa anakutunza, nawe ukamkimbia."

Nikavuka mto mwenyewe. Nikaketi chini karibu naye, simgusi. Machozi yakanitoka mbele ya yule mnunuzi wa ngozi, mimi huyu mnayenijua. Mtoto hakunitazama. Akasogea, akaniwekea kiganja mgongoni, akasema kwa sauti ile, "Amechoka huyu. Mwacheni apumzike." Ndivyo mama yake alivyowaambia wageni kila niliporudi kutoka Geita.

Siku hizi anakula. Akisema, mwili bado unanisisimka. Kuna jioni natazama mlango nikitegemea mke wangu aingie. Lakini namjibu.

Shemeji yangu, asante, ulikaa chini ukasikiliza. Nanyi mliompa maji njiani bila kumwogopa, asanteni. Wenye watoto wa namna hii, kabla ya kupasua kuku, angalieni mtoto anasema nini, na wakati gani.

Nyumba nimeikomboa, mtoto akae penye jiwe la mama yake. Yule wa ngozi aliona shida yangu, akapandisha bei: ng'ombe sita na shilingi mia moja arobaini.