Mikono Iliyomwangusha Aikaeli

Bwana Yesu asifiwe! Asifiwe tena, ndugu zangu, maana mimi kusimama hapa mbele yenu ni ajabu. Naitwa Elirehema, mtoto wa hapa hapa Machame, na wengi mnamjua mama yangu kwenye kwaya. Mnisamehe sauti ikitetemeka. Jambo hili bado linanitisha kulisimulia.

Mimi ni mchezaji dansi. Kundi letu lina watu wanane, na mazoezi tunafanyia Moshi mjini, kwenye ghala la zamani la kahawa. Tunachanganya hip hop ya vijana wa mtaani na dansi ile ya jukwaani, ya kujinyoosha na kubebana, watu wamekaa kimya kwenye viti wanatazama. Mimi nilikuwa mbebaji. Niliyekuwa nambeba ni Aikaeli, binti wa Kirua Vunjo. Namrusha juu ya kichwa, anajigeuza hewani, namdaka kabla hajagusa chini. Ndugu zangu, niliipenda sifa ile! Makofi yakipigwa, nilijua yanapigiwa mabega yangu.

Siku hiyo onyesho kubwa lilikuwa limekaribia, tumefanya mazoezi tangu asubuhi. Aikaeli akanisogelea, akaninong'oneza, "Eli, leo usinirushe tena. Umechoka, mikono yako inatetemeka."

Nikacheka. "Mimi nichoke? Njoo hapa."

Hakuna mwingine aliyesikia. Akaja, kwa sababu aliniamini.

Nikamrusha. Alipokuwa anashuka, mikono ikachelewa. Kidogo tu! Akaanguka chali kwenye saruji, na muziki ukaendelea kulia. Akanitazama, akasema polepole, "Eli, sisikii miguu yangu."

Wenzangu wakamkimbilia, wengine wakatafuta gari. Mimi nilirudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka nikaugusa mlango wa nyuma. Nikatoka. Nilikimbia, ndugu zangu! Na jasho langu la mazoezi nilikimbia mpaka stendi, nikapanda gari la Rombo, nikajificha mji wa Mkuu, huko huko Rombo, kwa shangazi yangu. Simu nikazima.

Majuma matatu sikujua kama Aikaeli yu hai. Ningewasha simu ningejua, lakini kujua ndiko nilikokuogopa. Bodaboda ikisimama njiani, nasema hao ni polisi. Kengele ya kanisa ikilia, nasema wanamzika. Shangazi akiniwekea mtori wa ndizi, kijiko kinagonga meno. Nikifumba macho niombe, namwona anashuka.

Asubuhi moja shangazi alikuwa anatoka kumkatia ng'ombe majani. Akanipa mjukuu wake mchanga. "Mshike mara moja." Mikono ikakataa! Nikamlaza mtoto mkekani haraka, nikatoka mbio hadi kwenye migomba. Shangazi akanifuata.

"Elirehema, umefanya nini huko Moshi?"

Nikamweleza yote, hata lile la kunong'onezwa. Nilitaka anipe pole. Hakunipa. Alisema, "Kama amekufa, utaweka udongo kaburini. Kama yu hai, utamsalimia. Hapa unaoza tu. Kavae viatu."

Tukaenda Kirua siku ile ile. Tulipokuwa tunashuka njia ya kwao katikati ya kahawa, nikaona mabenchi mbele ya nyumba, na wanawake wamejifunga kanga, wameinamisha vichwa. "Shangazi, ni msiba. Nimemwua." Nikageuka nikimbie, naye akanikamata shati kwa nyuma. Hapo ndipo nilipomlilia Mungu kwa mara ya kwanza: "Bwana, sina pa kukimbilia tena! Nishike wewe!"

Kumbe ilikuwa jumuiya yao ya kanisani, wamekuja kumwombea mgonjwa. Aikaeli alikuwa hai! Mama yake akainuka, akaja tulipo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Eli?"

"Ndiyo mama. Ndiye niliyemwangusha."

"Najua. Ameniambia." Akaitazama mikono yangu kwa muda mrefu. Nikangoja kofi. Akasema, "Baba yake mgongo unamsumbua, na sisi wanawake tukimwinua anaumia. Anatamani jua. Ingia umtoe nje."

Afadhali angenipiga!

Aikaeli aliponiona alilishika blanketi kwa mikono miwili. Ananiogopa! Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Uliniambia nimechoka, sikukusikiliza. Nisamehe." Alisema tu, "Polepole, Eli," akanipitishia mkono shingoni. Nikaliita jina la Yesu, nikamwinua. Mikono ilitetemeka kila hatua, sitawadanganya. Lakini ilishika! Nikapita mlangoni kwa ubavu, nikamkalisha kwenye kiti juani. Wale kina mama wakapaza wimbo wao wa Kikatoliki nisioujua, nikaitikia hivyo hivyo huku nalia.

Toka siku hiyo nilipanda Kirua kila juma kumtoa na kumrudisha. Mfupa wa mgongo ulikuwa umepata ufa, na miguu ikarudi kidogo kidogo. Neno la msamaha nililingoja miezi miwili. Alilisema tukiwa tunamenya ndizi, bila kuniangalia. Leo Aikaeli anatembea. Kurushwa, hatarushwa tena. Anakaa kwenye kiti anatufundisha hatua, na anafoka kweli kweli!

Wako wanaoniambia niache dansi, ni ya shetani. Mimi najua kilichomwangusha dada yule: kiburi changu. Hicho ndicho Bwana alichoniondolea. Woga bado unanitembelea. Kabla ya kumbeba mtu namwuliza, "Uko tayari?" Akisema hapana, tunaacha.

Namshukuru Mungu, namshukuru shangazi, nawashukuru wazazi wa Aikaeli walionifungulia mlango. Na wewe ndugu uliyemwumiza mtu ukakimbia, unayeshtuka simu ikiita, mwamini Yesu, urudi kwa mtu huyo. Kama unaogopa kwenda peke yako, baada ya ibada nitakuwa pale mlangoni. Tutakwenda wote. Amina!